Kisanduku cha Buluu



Dominika nyingi, baada ya Misa ya pili hapa Kadutu, tunamkuta kijana mmoja au wawili wakitungoja karibu na mlango wa sakristia, karatasi mkononi. Kabla hawajafungua kinywa tunajua wanachotaka. Wamesikia kwamba kuna mradi unaotoa mtaji wa bure kwa vikundi vya kilimo, vya ufugaji au vya biashara ndogo za vijijini. Siku za kujiandikisha zimebaki chache, nao wanaomba tuwaandikie barua ya kuwatambulisha, au tuwasaidie kujaza fomu. Tunafanya hivyo kwa moyo mweupe, maana si dhambi kijana kutafuta mtaji. Lakini tumeona afadhali, kabla ya kuandika barua nyingine, tuwasimulieni jambo lililotupata sisi wenyewe, makatekista na wazee wa shirika letu. Tunaliandika kwa aibu, na kwa matumaini yaliyo makubwa kuliko aibu hiyo.

Pengine mtauliza: Kadutu na mashamba, wapi na wapi? Ni kweli, komini yetu imejengwa juu ya miteremko, nyumba zimebanana, na mvua kubwa ikinyesha usiku akina mama hawalali kwa hofu ya ardhi kuporomoka. Wengi hawana hata mahali pa kupanda lengalenga. Hata hivyo soko letu linaishi kwa jasho la vijiji: mihogo na maharagwe ya Kabare na Walungu, nanasi za Idjwi, mchele wa uwanda wa Ruzizi. Na wengi wetu tuna mizizi huko. Wengine tulishuka mjini kusoma, wengine tulikimbia vita, tukaacha nyuma shamba la baba na kaburi la babu. Kijana wa Kadutu anapoota mtaji wa kilimo anaota kurudi kwao akiwa na kitu mkononi. Ndoto hiyo ni njema, na kwa sababu ni njema inastahili kulindwa.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ruzuku ya mtaji ni fedha, au kifaa kilichonunuliwa kwa fedha, ambayo mkulima au mfanyabiashara hupewa bila kudaiwa airudishe. Kwa hiyo si mkopo. Lakini si sadaka pia. Sadaka humsaidia mtu avuke leo. Mtaji hukusudiwa uzae kesho. Fedha za namna hiyo zimezungumzwa sana. Mwaka 2003, huko Maputo, viongozi wa nchi za Afrika waliahidi kutenga walau asilimia 10 ya bajeti zao kwa ajili ya kilimo. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kilimo wa eneo la Maziwa Makuu: dola milioni 150 kwa upande wa Congo, yaani Kivu ya Kusini na Tanganyika, na dola milioni 75 kwa upande wa Burundi. Kuna na miradi mingine mingi, mikubwa na midogo, ya serikali, ya wafadhili wa nje na ya Kanisa. Basi fedha zipo, hata kama hazitoshelezi haja.

Miradi mingi ya namna hii huweka sharti moja ambalo vijana hulichukia: kikundi kitoe sehemu yake. Mfadhili atatoa asilimia fulani ya gharama, nanyi mtatoa iliyobaki. Mara nyingi tumesikia mkilalamika: “Kama tungekuwa na fedha, tungeomba ya nini?” Nasi tulilalamika hivyohivyo. Ndipo tulipoangukia.

Kabla ya kuwaeleza tulivyoanguka, twende kidogo katika Maandiko. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kinasimulia habari za mjane mwenye deni, ambaye mdai wake alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Alimlilia nabii Elisha. Nabii hakuanza kwa kumpa kitu. Alianza kwa kumwuliza alichokuwa nacho. Mama yule alikuwa na mafuta kidogo tu. Akatumwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani, vingi wala si vichache, kisha ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yalitoka kadiri ya vyombo. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Mwishoni aliagizwa auze, alipe deni, na kinachobaki kimlishe yeye na watoto wake.

Tazameni utaratibu huo. Muujiza ulipita katika mafuta ambayo mjane alikuwa nayo tayari, ukapimwa kwa vyombo alivyohangaika kukusanya, ukatimizwa kwa biashara na kwa kulipa deni. Zawadi ya Mungu haikufuta kazi ya mjane wala imani ya majirani waliomwazima vyombo vyao. Tumefundisha somo hili katika katekisimu kwa miaka mingi. Siku ya kulitenda, tulilisahau.

Shirika letu lilikuwa na muso, yaani mfuko wa mshikamano, kama ilivyo kwa watu wengi wa Kivu ya Kusini. Mnajua muso inavyokwenda. Ina visanduku vitatu. Cha kijani ni cha akiba: kila mwanachama huweka kidogo katika kila kikao, na kutoka humo hukopeshwa mwenye haja ya kufanya biashara, naye hurudisha na nyongeza ndogo. Chekundu ni cha msaada: mgonjwa, mfiwa, aliyeunguliwa na nyumba. Cha buluu ni cha fedha zinazotoka nje. Waliobuni utaratibu huo waliona mbali. Walijua kwamba fedha za nje zikichanganywa na za ndani, watu huacha kuhesabu vizuri zote mbili. Kwa hiyo kila kisanduku hukaa peke yake, na cha buluu hufunguliwa baada ya viwili vya kwanza kuzoeleka.

Miaka kadhaa iliyopita tulisikia habari za mradi uliokuwa ukitoa vifaa kwa vikundi. Baadhi yetu tulikuwa na ndugu katika kijiji kimoja cha Kabare, ambako akina mama walitembea saa mbili, mihogo mikavu kichwani, kufuata mashini ya kusaga. Tukaomba mashini. Gharama yote, pamoja na kibanda cha mabati, akiba ya mazutu na ya vipuri, ilikuwa dola 4,000. Mradi ungetoa 3,200. Sisi tungetoa 800. Tuliandika kwa mkono wetu kwamba hizo 800 zingekuwa za mazutu ya kuanzia, vipuri na matengenezo. Wakaguzi wangekuja kuziona zikihesabiwa mezani.

Hatukuwa na 800. Kisanduku cha kijani kilikuwa na 310, na chekundu 140. Tungeweza kungoja. Tungeweza kuomba kitu kidogo zaidi. Badala yake tulifungua visanduku vyote viwili, tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja tuliyefahamiana naye, akatuazima 350 kwa siku chache. Fedha zikapatikana, fedha za kuonyeshwa tu, ambazo zingerudi kwa wenyewe mara gari la wakaguzi likishapinda kona.

Mwandishi wa kikundi alikuwa kijana wa umri wenu. Alipoletewa daftari aandike kwamba kikundi kimechanga dola 800, aliweka kalamu chini. Akasema kwa upole, “Baba katekista, fedha hizi si zetu. Mashini ikiharibika tutaitengeneza na nini?” Tulimjibu kwamba vikundi vyote hufanya hivyo. Alipozidi kukataa tukamwambia neno ambalo hadi leo linatuchoma: kwamba Mungu anaelewa umaskini wetu. Kijana akatuachia daftari, akaaga, akatoka. Mmoja wetu akaandika. Nasi tulibaki tukimwita mkaidi, mtu asiyewapenda maskini.

Wakaguzi walitarajiwa Jumatatu, walifika Alhamisi. Katikati ya siku hizo, Jumanne jioni, mama mmoja wa shirika letu alikuja kuomba msaada wa kisanduku chekundu. Mtoto wake alikuwa hospitalini, na dawa zilitakiwa usiku huohuo. Fedha zilikuwa ndani, katika bahasha, zimehesabiwa tayari kwa ajili ya wakaguzi. Tulimwambia angoje hadi Ijumaa. Hatukumweleza sababu. Alikwenda kukopa kwa mtu wa riba. Mtoto alipona kwa neema ya Mungu, si kwa msaada wetu, na mama yule alilipa riba hiyo kwa miezi.

Mashini ilifika. Padre aliibariki, watu waliimba, picha zikapigwa. Miezi ya kwanza ilisaga kutwa. Mapato yalilipa mazutu na fundi, kilichobaki tukagawana, kwa kuwa kila mtu alisema amengoja sana. Katika mwezi wa tisa chombo kimoja cha injini kilivunjika. Fundi akasema matengenezo ni dola 380. Tulifungua kisanduku: mlikuwa na dola 27.

Hapo ndipo tulipoelewa, sisi tuliosomea ualimu na kufundisha watoto wa watu kujumlisha na kutoa. Dola 800 za sharti hazikuwa kizuizi kilichowekwa na wafadhili ili kutusumbua. Zilikuwa ndizo kipuri chenyewe. Zilikuwa ndizo vyombo vya mjane. Tulidhani tumewadanganya wakaguzi. Kumbe tulijidanganya wenyewe, na kuwadanganya akina mama wa kijiji, ambao walirudi kutembea saa mbili wakipita mbele ya mashini iliyofungwa kwa kufuli. Kristo alikwisha kutuonya katika Injili ya Luka, sura ya 14, juu ya mtu anayeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza ahesabu gharama: wapita njia humcheka. Sisi hawakutucheka. Walitazama chini tu, na hiyo ilituuma zaidi.

Tulimtafuta yule kijana. Tulimkuta sokoni Kadutu, akiuza mbegu za mboga juu ya meza ndogo. Tukamwomba msamaha kwa ajili ya fedha zile. Alituketisha, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Baba zangu, mimi sikuondoka kwa sababu ya mashini. Niliondoka kwa sababu mliniambia Mungu anaelewa.” Hatukuwa na jibu. Katekista anapolitumia jina la Mungu kufunika uongo mdogo, humwonyesha kijana mlango wa kutokea Kanisani.

Mnafahamu kwamba tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenye heri. Alikuwa kijana wa Goma, wa jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Kazi yake katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa ilikuwa kuangalia vyakula vinavyoingia nchini. Aliletewa rushwa ili aachilie vyakula vilivyoharibika vipite. Akakataa, kwa kuwa watu wangevila. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tunapomwomba atuombee, tunapenda kudhani kwamba tungekuwa upande wake. Siku ile, katika chumba chetu, kulikuwa na kijana mmoja aliyeweka kalamu chini, na wazee waliomwona mkaidi. Majaribu ya Floribert hayaji daima na bunduki. Mara nyingi huja na fomu, na watu wema wanaosema kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Basi tulirudi kwenye shirika. Mbele ya wote, akiwemo yule mama, tulisimulia habari nzima: bahasha, Jumanne jioni, daftari. Kulikuwa na kimya. Mama alitikisa kichwa, kisha akauliza jambo moja tu: “Na sasa kisanduku chekundu kina kiasi gani?” Tuliwaandikia pia wenye mradi, muda wao ulikuwa umekwisha, na hatukupata jibu. Kijana alikubali kurudi kuwa mkaguzi wa hesabu kwa sharti moja, kwamba kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, hata mbele ya wasiojua kusoma. Tukaanza upya na kisanduku cha kijani, na mchango mdogo wa kila juma. Ilituchukua miezi 14 kufikisha dola 380. Mashini ikawashwa tena bila padre, bila picha, asubuhi ya siku ya kazi. Tangu siku hiyo sehemu ya kila kinachosagwa huwekwa pembeni kwa ajili ya kipuri kijacho, wala haiguswi, hata kama sikukuu iko mlangoni.

Tumesimulia haya si kwa kuwakataza ruzuku. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mwanadamu iko mbele ya mtaji. Mtaji ni chombo, na mwenye kazi ni mtu. Fundisho hilo linatupa kipimo. Ruzuku ikikuta kazi, huizidishia nguvu. Ikikuta uvivu au uongo, huuvika mabati mapya tu. Huko Kanada, katika Nova Scotia, padre Moses Coady aliliona jambo hilo miongoni mwa wavuvi na wakulima maskini. Kuanzia mwaka 1928, akiongoza idara ya chuo kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliwakusanya watu katika vikundi vidogo vya kusoma. Walijifunza hesabu, bei na ushirika, na kutokana na masomo hayo wakaunda vyama vyao vya akiba na vya kuuza mazao. Vijana wa parokia tayari mnakutana kila juma. Hamkosi mahali pa kuanzia.

Anzeni na ardhi. Katika desturi ya Bushi, mnajua, kuna kalinzi na kuna bwasa. Mwenye kalinzi ana haki ya kudumu juu ya shamba. Mwenye bwasa amekodi kwa msimu, wala haruhusiwi kupanda migomba au kahawa. Kikundi kinachopata miche ya kahawa huku kina bwasa tu kimepata ugomvi. Ulizeni wazee, andikeni mapatano, wekeni mashahidi, kabla ya kujaza fomu yoyote. Kisha angalieni umbo la kikundi chenu. Congo ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na kwa sheria yake ya vyama vya ushirika watu watano tu wanatosha kuunda chama cha ushirika kilicho rahisi. Watano wanaoaminiana wanashinda hamsini waliokusanywa kwa ajili ya orodha. Mwishowe, hesabuni mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza huliwa na furaha. Ni mwaka wa pili unaouliza nani atalipa mazutu.

Februari 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, wengi wetu tulibaki na karatasi zinazosema tuna fedha, na jioni bila unga. Katika juma lile tuliona thamani ya visanduku vyetu. Kilichokuwa ndani kilikuwa kidogo, lakini chekundu kilifunguliwa mara nyingi, kikafunguliwa kwa haki, na hakuna aliyeambiwa angoje hadi Ijumaa. Hatuwezi kuwaahidi ninyi vijana kwamba mradi mwingine utakuja, wala kwamba amani itafika kesho, ingawa tunaiomba kila siku. Tunachoweza kuwaachia ni haya tuliyojifunza kwa hasara: kisanduku cha buluu hufunguliwa salama na watu waliokwisha kuzoea kusema kweli juu ya kile cha kijani na kile chekundu.

Kwa hiyo njoni bado, Dominika, na karatasi zenu. Tutaandika barua. Ila kwanza tutawauliza mlicho nacho, nanyi msichukie swali hilo. Nabii aliliuliza kabla yetu.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Someni kwa sauti 2 Wafalme 4:1-7. Kikundi chetu kina “mafuta” gani tayari, na ni majirani gani wangetuazima vyombo vyao?

2. Je, kuna mahali ambapo tumezoea kusema “kila mtu hufanya hivyo”? Nani kati yetu aliwahi kuweka kalamu chini, nasi tulimtendeaje?

3. Kama tungepewa leo mashini, mbuzi au mbegu, nani angelipa gharama za mwaka wa pili, na kutoka kisanduku gani?

Tuombe

Ee Mungu Baba, uliyeyazidisha mafuta ya mjane bila kudharau uchache wake, utujalie mikono ya kufanya kazi na macho ya kuhesabu kwa kweli. Utupe ujasiri wa mwenye heri Floribert, tusilitumie kamwe jina lako kufunika uongo. Uwarudishe salama mashambani mwao wote waliokimbia, na ardhi yetu ya Kivu uijalie amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.